Sahani za Ndege: Pindo, Mji na Jina

Nyumbani kwetu Kitangiri, jijini Mwanza, kulikuwa na sahani ambazo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuziosha peke yake. Zilikuwa nyeupe zenye mchoro wa buluu, zilikaa rafu ya juu kabisa ya kabati la vyombo, na zilishushwa siku ya Krismasi, siku ya Pasaka na siku za wageni wa posa. Sisi watoto tuliziita sahani za ndege, kwa sababu upande wa juu wa mchoro kulikuwa na ndege wawili wanaotazamana wakiwa angani, na kila mmoja wetu alikuwa na haraka ya kumaliza wali ili awaone. Mama alizinunua miaka ya 1970 kutoka kwa familia ya wafanyabiashara iliyokuwa ikihama mtaa wa Makoroboi. Zilikuwa kumi na mbili, dazeni kamili. Mama alipofariki nilizikuta saba.

Nilidhani kuirudisha dazeni ile ni kazi ya mwezi mmoja. Imenichukua miaka mingi, na haijaisha. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyajua kwa kununua visivyo, kwa sababu kila sahani isiyo ya mama iliyoingia nyumbani mwangu ilinifundisha kitu ambacho sikukijua asubuhi ya siku ile.

Kosa la kwanza nililifanya sokoni Mlango Mmoja, mwaka 2009. Kijana aliyekuwa akiuza vyombo vya mtumba, ambaye baadaye tumekuwa watu wa kujuana kabisa, alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama, kisha akanifunulia sahani nne za buluu zilizofungwa kwenye magazeti. Nilimwuliza kama ana hakika kuwa ni zile za ndege nilizomwelezea wiki iliyotangulia. Akanijibu kwamba ni zilezile, zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Nami nilipoziangalia niliona buluu ileile, miti ileile ya Kichina, nyumba yenye paa lililopinda, daraja na maji. Nililipa, nikapanda daladala, nikafika nyumbani nikaziweka mezani pembeni ya sahani ya mama. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Nyumba hazikuwa moja bali mbili, zimesimama zikibanana, paa la moja likipita nyuma ya paa la nyingine, na uzio uliopita mbele ya sahani ya mama haukuwepo. Kijana hakunidanganya. Mimi ndiye niliyekwenda sokoni nikiwa nimebeba kumbukumbu badala ya sahani, na kumbukumbu yangu ilikuwa imehifadhi rangi tu.

Ilibidi nijifunze jina la kitu ninachokitafuta. Mchoro wa sahani za mama huitwa Willow, yaani mti wenye matawi yanayoinama majini, na ulibuniwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18, kwa kuiga vyombo vya buluu na nyeupe vilivyokuwa vikiletwa kutoka China. Haukuwa mali ya kiwanda kimoja. Viwanda vingi vya Uingereza viliuchapa, na baadaye vikaufuata vya Japani, Marekani na kwingineko, kila kimoja kwa mabamba yake na kwa mafundi wake. Kwa hiyo mtu akikuambia ana sahani za Willow, amekutajia ukoo, hajakutajia mtu. Zile nne nilizonunua ni za mchoro wa jirani unaojulikana kama Two Temples, yaani mahekalu mawili, na upo mwingine uitwao Mandarin ambao una mti na una ndege lakini hauna daraja. Mtu anayetazama kwa haraka huiona yote mitatu kuwa kitu kimoja, hasa akiwa amesimama juani na nyuma yake kuna mteja mwingine anayenyoosha mkono.

Wauzaji wengi hupenda kusimulia hadithi inayokwenda na mchoro huu: binti wa tajiri anampenda karani wa baba yake, wanatoroka wakipita darajani, baba anawafuata, na mwishowe wapenzi wanageuka kuwa ndege. Ni hadithi nzuri, lakini haikutoka China. Ilitungwa Uingereza katika karne ya 19, wakati sahani zenyewe zilikwisha kuwa mezani kwa miaka mingi. Nimeona inafaa kwa jambo moja. Inakukumbusha kuhesabu watu walio darajani, ambao katika Willow ya kawaida ni watatu. Ukiona wawili, au mmoja, basi iweke sahani ile chini taratibu uanze kuichunguza upya.

Aliyenifungua macho hasa ni dada yangu mkubwa, ambaye aliuza kanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Siku moja nililalamika mbele yake kwamba sahani hizi zinanichanganya, naye akachukua ile ya mama, akaizungusha mkononi, akasema, "Mdogo wangu, hii si ni kanga tu? Ina pindo, ina mji, na nyuma ina jina. Mtu akitaka kukuuzia kanga mbili zisizo za doti moja, wewe hutazama wapi?" Nilimjibu kwamba hutazama pindo. Mji wa kanga, yaani mchoro wa katikati, huweza kufanana, kwa kuwa korosho ni korosho na waridi ni waridi, lakini pindo ndilo linalomsaliti mchapaji. Toka siku ile sijaacha kuzisoma sahani kama kanga, na sijapata njia iliyo bora zaidi.

Pindo la sahani ya mama lina vyumba vidogo vya mistari iliyokatizana, na katikati yake kuna maumbo yanayofanana na magurudumu. Ndani ya pindo kuna utepe mwembamba wa pili, unaozunguka mahali sahani inapoanza kushuka. Nilikuwa nimekula kwenye sahani hizo tangu utotoni bila kujua kwamba utepe huo upo. Nilichukua lenzi ya kukuzia, nikakaa barazani asubuhi, kabla jua halijawa kali na ziwa lilikuwa bado kijivu kwa mbali, nikachora pindo lote kwenye karatasi kwa penseli. Mkono ukishachora, jicho halisahau tena. Sahani zile nne za Mlango Mmoja zilikuwa na pindo lenye vipepeo na maua yaliyojazwa rangi nzito. Kama ningetazama pindo kwanza, ningeokoa nauli na fedha nikiwa palepale sokoni.

Ni lazima nieleze namna vyombo hivi vilivyochapwa, kwa kuwa bila kujua hilo mtu huichukulia alama ya kazi kuwa ni alama ya ughushi. Fundi alichonga mchoro kwenye bamba la shaba, akajaza rangi mikwaruzo ile, akaikandamiza karatasi nyembamba juu yake, kisha karatasi yenye rangi mbichi ikalazwa kwenye sahani na kusuguliwa hadi rangi ikahamia kwenye udongo. Baadaye sahani ilitiwa tabaka la kioo na kuchomwa tanuri. Karatasi ya mji na karatasi ya pindo zilikatwa na kulazwa mbalimbali. Pindo ni duara, nayo karatasi ilikuwa vipande vilivyonyooka, kwa hiyo mahali fulani lazima vipande vikutane, na hapo utaona gurudumu limekatika nusu au mistari imepandana. Nilipoiona kasoro hiyo kwa mara ya kwanza kwenye sahani ya mama nilisononeka, nikidhani alipunjwa. Sasa ni kitu cha kwanza ninachokitafuta, kwa sababu vyombo vya siku hizi huchapwa kwa karatasi za rangi zilizotengenezwa kwa mashine na pindo lake mara nyingi hukutana bila kovu. Sahani mbili zenye mji mmoja, moja ina kiungo pindoni na nyingine haina, hazikutoka kwenye mikono ya aina moja, hata kama jina la nyuma ni lilelile.

Mji nao una mambo yake, ila mtu akiutazama mzima humlaghai. Mimi huuvunja vipande. Nyuma ya nyumba kubwa kuna mti wenye matunda ya mviringo, na idadi ya matunda hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa kuwa kila mchongaji alichonga bamba lake. Yahesabu. Halafu fuata uzio ulio mbele, kuanzia kushoto hadi kulia, uone unapinda mara ngapi na umejazwa kwa mistari ya namna gani. Tazama mashua iliyo upande wa kushoto, kama yule mtu amesimama au ameinama. Watazame ndege mwisho, ingawa ndio tunaowapenda. Ndege ni wadogo, rangi huwaingia mabawani wakawa madoa, na nimeona sahani mbili za dazeni moja ambazo ndege wa moja walikuwa wazi kama waliochorwa jana, na wa nyingine walikuwa wingu tu, kwa sababu bamba la shaba huchakaa kadiri linavyotumika. Ukungu wa mstari hauondoi udugu wa sahani, lakini tofauti katika kuhesabu huuondoa.

Kosa langu la pili lilikuwa ghali zaidi. Mtu mmoja wa Dar es Salaam alinitumia picha za sahani sita kwa simu. Nilikwisha kujua pindo kufikia wakati huo, nikaomba picha ya pindo, nikaiona, nikaridhika, nikatuma fedha. Mzigo ulifika stendi ya Nyegezi umefungwa vizuri mno, hakuna hata moja iliyomeguka. Pindo lilikuwa sahihi, uzio ulikuwa sahihi, watu darajani watatu, ndege wawili. Nilipoziweka juu ya zile saba, rundo likainama. Sahani za mama zina kipenyo cha sentimita 25 na kina kidogo katikati. Hizi zilikuwa za sentimita 26 na ushee, bapa kabisa, na buluu yake iliyoonekana nzito kwenye simu ilikuwa nyepesi, karibu na buluu ya sare za shule zilizofuliwa sana. Muuzaji hakuwa na hatia. Mimi sikuomba vipimo, na nilikuwa nimeamini rangi iliyopigwa picha usiku chini ya taa.

Sasa siwezi kutuma hata senti kabla sijaomba picha nne: moja ya sahani nzima iliyopigwa kivulini mchana, moja ya pindo kwa karibu, moja ya nyuma yote, na moja yenye rula imelazwa juu ya sahani kutoka ukingo hadi ukingo. Naomba pia karatasi nyeupe iwekwe pembeni ya sahani ndani ya picha. Karatasi ikionekana ya manjano, najua buluu nayo imebadilika. Wapo wauzaji wanaokasirika wakiombwa hayo yote, nami huwaelewa, kwa kuwa sahani moja ya mtumba haiwalipi kwa muda huo. Lakini fedha ni yangu.

Nimeliacha jina, yaani muhuri wa nyuma, lije baadaye, kama lilivyo kwenye kanga ambako watu husoma maneno wakiwa tayari wameipenda au wameikataa nguo. Wengi hufanya kinyume. Wanaigeuza sahani kabla hawajaitazama uso, wakiona neno England wanalipa. Neno hilo linasema kitu, lakini kidogo. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka bidhaa zinazoingizwa kule zitajwe nchi zilikotoka, na tangu 1891 viwanda vya Uingereza vikaanza kwa wingi kuandika England kwenye mihuri yao. Maneno Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Vyombo vya Japani vilivyokwenda Marekani viliandikwa Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, hadi mwaka 1921, kisha Japan, na vile vya wakati wa kukaliwa na majeshi ya Marekani na washirika wake baada ya vita, hadi 1952, vingine viliandikwa Occupied Japan. Kwa hiyo muhuri hukupa upeo wa wakati. Haukupi udugu wa sahani, kwa sababu kiwanda kimoja kiliweza kuchapa Willow kwa miongo kadhaa, mabamba yakabadilishwa, udongo ukabadilishwa, na jina likabaki.

Miaka iliyoandikwa nyuma ya vyombo ndiyo inayowapotosha watu kuliko kitu kingine. Jirani yangu wa Kitangiri ana vikombe vya waridi jekundu, la njano na la rangi ya pinki vyenye ukingo wa dhahabu, mchoro uitwao Old Country Roses wa kiwanda cha Royal Albert. Aliniletea siku moja kikombe na kisosi chake akiwa na furaha, akinionyesha mwaka 1962 chini ya kikombe. Mwaka ule ni kweli, kwa maana kwamba mchoro ulitolewa 1962 na mbunifu wake aliitwa Harold Holdcroft. Lakini kiwanda kiliendelea kuuandika mwaka huo kwa miaka mingi iliyofuata, kama haki ya mchoro, si kama tarehe ya kuzaliwa kwa kikombe. Mwaka 2002 utengenezaji ulihamia Indonesia. Tulikitazama kisosi chake kwa utulivu, tukakuta kikombe kimeandikwa England na kisosi hakikuandikwa, na waridi la kisosi lilikuwa na wekundu wa tofauti kidogo, unaoelekea rangi ya chungwa. Vilikuwa vimekutanishwa na muuzaji. Jirani alinyamaza kwa muda, akasema chai itakuwa tamu vilevile, na akavirudisha kabatini kwake pamoja. Nadhani alifanya vema. Si kila mtu anakusanya kwa sababu ninayokusanya mimi.

Vikombe hivyo vya waridi vina kipimo kingine ambacho Willow ya mama haina. Vimetengenezwa kwa kauri iliyochanganywa na majivu ya mifupa ya ng'ombe, aina iliyosifiwa Uingereza tangu siku za mfinyanzi Josiah Spode. Ukikishika kikombe juani na kupitisha vidole nyuma yake, unaviona vivuli vya vidole. Sahani za mama ni za udongo mweupe wa kawaida, nazo hazipitishi mwanga hata ukizipeleka juu ya jiwe la Bismarck, lile la ziwani hapa Mwanza, saa sita mchana. Mtu akikuonyesha Willow inayopitisha mwanga, inaweza kuwa nzuri na ya thamani, lakini haitakaa na hizi.

Kanuni yangu ya kuhesabu iliwahi kunifikisha kwenye kosa la aina tofauti, nalo ni kukataa kitu kilichokuwa sahihi. Rafiki yangu mwenye asili ya Ukerewe alirithi kwa bibi yake mabakuli matatu ya udongo yenye maua mekundu na majani ya kijani, na chini yake kuna alama ya Sphinx, simba mwenye kichwa cha mtu, na jina la Petrus Regout, mwenye kiwanda cha vyombo cha Maastricht, Uholanzi. Alitaka kujua kama ni ya seti moja. Nikachukua lenzi, nikahesabu, nikamwambia hapana: la kwanza lina maua saba, la pili manane, la tatu manane lakini jani moja limeangalia upande mwingine. Nilikuwa nimekosea kabisa. Maua yale hayakuchapwa kwa bamba. Yaligongwa kwa mkono, fundi akichovya sifongo iliyokatwa umbo la ua ndani ya rangi na kuigandamiza kwenye bakuli, moja baada ya jingine, hadi azunguke. Akianza kwa kubana atapata manane, akilegeza atapata saba. Kwa vyombo vya namna hiyo udugu hutafutwa katika umbo la sifongo lenyewe: kama kila ua lina pengo dogo mahali palepale, basi ni sifongo ileile. Yalikuwa na pengo hilo, yote matatu, kwenye jani la chini kushoto. Nilimpigia simu siku ileile kumwomba radhi, kwa kuwa alikwisha kumwahidi mtu mmoja bakuli la tatu.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, uliza kwanza mchoro umefikaje kwenye chombo. Gusa kwa ukucha. Rangi iliyo chini ya tabaka la kioo haisikiki kwa ukucha, uso ni laini mwanzo hadi mwisho. Rangi iliyo juu ya kioo, kama ile ya dhahabu, huwa na mwinuko mdogo unaoweza kuusikia kwa ncha ya kidole, na huchakaa mahali kijiko kinapopita. Brashi huacha mwanzo mzito na mwisho mwembamba. Bamba huacha mistari na vitone. Sifongo huacha matundu.

Vilivyonishinda kwa muda mrefu si vyombo vyenye mapambo mengi, ni vile vyenye mapambo machache. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mhudumu wa chumba cha kulia kwenye meli za ziwani alinionyesha sahani nzito nyeupe zenye mistari tu ukingoni, na herufi za shirika, EAR&H, yaani Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Herufi hizo ni msaada mkubwa, kwa sababu shirika hilo liliundwa mwaka 1948 kwa kuunganisha reli za Kenya na Uganda na zile za Tanganyika, na likagawanywa mwaka 1969, hivyo sahani zenye herufi hizo ziliagizwa ndani ya miaka hiyo. Lakini alikuwa na nyingine zisizo na herufi, mistari ileile, akasema zote zilikuwa za meli moja. Mistari miwili ukingoni haina ndege wa kuhesabu. Tulichukua rula tukapima umbali kutoka ukingo hadi mstari wa kwanza, na kutoka mstari wa kwanza hadi wa pili, tukapima unene wa ukingo, tukazipanga moja juu ya nyingine. Tofauti ilikuwa milimita mbili, na ilirudiwa kwenye kila sahani isiyo na herufi. Mzee alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba sahani za daraja la kwanza na za wahudumu zilikaa makabati tofauti.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hili nililielewa baada ya kununua kwa mara ya pili sahani ya aina niliyokwisha kuikataa. Ninalo daftari la kurasa mia moja, la mistari, la kawaida la shule. Kila sahani iliyoingia au niliyoikataa ina ukurasa: kipenyo, kina, uzito kwenye mizani ya jikoni, matunda, mipindo ya uzio, kiungo cha pindo kipo wapi, muhuri umeandikwaje, na mchoro wangu wa penseli wa kipande kimoja cha pindo. Naandika pia mahali nilipoipata, kwani sahani za nyumba moja mara nyingi hutawanyika lakini hazifiki mbali. Na nikienda sokoni sibebi daftari peke yake. Nabeba kisahani kimoja cha mama, kile kilichomeguka ukingoni, nimekifunga kwa kanga ndani ya mkoba. Picha kwenye simu haiwezi kushindana na kitu chenyewe kikishikwa pembeni ya kitu chenyewe, kivulini, macho yakipita kutoka hiki hadi kile.

Ya nane niliipata Musoma, nyumbani kwa binamu, ikiwa chini ya chungu cha maua, na hiyo sina la kuifundishia mtu, ilikuwa bahati. Ya tisa ilikuja mwaka jana. Yule kijana wa Mlango Mmoja, ambaye sasa ana watoto wawili na kibanda chenye paa, alinipigia simu kwamba kuna mama kashuka na meli ya kutoka Nansio akiwa na vyombo vya marehemu shangazi yake. Nilipofika hakunionyesha sahani kwanza. Alinionyesha kidole chake kikiwa kimeshika mahali kwenye pindo, akasema, "Mayu, gurudumu limekatika hapa." Nilihesabu matunda, nikafuata uzio, nikatoa kisahani mkobani. Muhuri tulikumbuka kuutazama mwishoni, nao ulikuwa wenyewe.

Nilimwuliza yule mama kama ana hakika anataka kuiuza. Alisema kwao wanatumia sahani za melamini kwa sababu ya watoto, na akaniuliza kama nitailia chakula au nitaitundika. Nikamwambia tutailia wali na sato siku ya Krismasi, naye akapunguza bei bila mimi kuomba. Jioni niliiosha kwa maji ya uvuguvugu, nikaifuta, nikafungua kabati na kuilaza juu ya zile nane. Sahani isiyo ya ukoo hukaa juu ya rundo ikicheza, na ukigusa ukingo wake utausikia mlio mdogo wa kitako kinachotafuta mahali. Hii ilitua kimya. Niliigusa kulia, nikaigusa kushoto, haikutikisika, na ndege wake walikuwa wazi kabisa.